Siku Chemchemi Iliposuguliwa

Kwa miaka kumi na miwili, Nabwile ndiye aliyeitunza chemchemi ya bondeni, ile iliyo mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Mabanga. Hakuzaliwa hapo. Alizaliwa upande wa Kitale, baba yake akiwa mlinzi wa maghala ya mahindi, akaolewa Bungoma na Wekoye wakati Wekoye bado anafanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi pale Webuye. Kiwanda kilipofungwa, Wekoye alirudi nyumbani na ovaroli mbili za bluu, akaanza kulima miwa. Nabwile yeye aliendelea na yake ya kila siku, kuamka mapema na kwenda kuchota maji. Kwa vile alikuwa wa kwanza kufika, watu walizoea kumkuta pale. Bomba likizibwa na majani, anazibua. Ng'ombe wakiteremka, anawafukuza. Siku moja kamati ya maji ikakaa, ikasema basi huyu ndiye mlinzi. Ni hivyo tu, hapakuwa na sherehe.

Ni mama wa sauti ya chini, na ana tabia ya kutazama ndoo yako kabla hajakutazama uso. Ukija na ndoo chafu hakukemei. Anaichukua, anaisugua kwa majani na mchanga, anakurudishia bila neno. Wengi wangeona heri matusi.

Shida ya chemchemi ilitoka juu. Kilimani, karibu na barabara, Wanjala alikuwa na kichinjio cha ng'ombe na mbuzi, na nyuma ya kichinjio kulikuwa na shimo la kumwagia damu na taka za matumbo. Mvua ikinyesha shimo lilijaa, na siku mbili baadaye maji ya chemchemi yalikuwa na harufu. Watoto waliharisha. Mjukuu wa Nabwile mwenyewe, wa miaka mitatu, alilazwa hospitali mara mbili mwaka huo, na mara ya pili alirudi mwepesi mpaka Nabwile akambeba kwa mkono mmoja kama kifurushi.

Nabwile na kamati wakaenda kwa chifu. Wanjala aliitwa, akaja na kofia yake ya ngozi. Ni mtu wa maneno mengi, na wa ukoo mmoja na Wekoye, kwa hiyo Nabwile ni shemeji yake.

"Shemeji, mimi sikatai," alisema. "Lakini mimi si daktari, na wewe si daktari. Leta mtu wa kusoma apime hii maji. Akisema ni mbaya, hiyo shimo nahamisha mimi mwenyewe, tena kwa mkono wangu."

Afisa wa afya alikuwepo siku hiyo. Ni mwanamke kijana anayeandika kila kitu, na hilo pia aliliandika.

Mtu wa kusoma alipatikana mwezi wa sita. Wanafunzi wanane wa chuo kikuu walikuwa kwenye likizo yao ndefu, na badala ya kukaa nyumbani walikuja Mabanga kwa wiki nane. Walikuwa wanafundishwa kuchunguza mito na chemchemi na viumbe vinavyoishi humo, na pia kuuliza ni nani anayeumia mahali pakiharibiwa, na nani hasikilizwi. Mwalimu wao aliitwa Kimaiyo. Watu waliambiwa ni daktari, na mzee mmoja akamwonyesha goti lake. Kimaiyo alilitazama lile goti kwa heshima, akasema yeye ni daktari wa mito. "Basi hata mto una bahati kuliko mimi," mzee akasema.

Kimaiyo alikuwa na sheria moja ambayo wanafunzi wake waliijua kwa moyo. Huingii kwenye maji ya watu kama mwizi. Unatuma habari mapema, unaeleza unachotaka, unangoja ukubaliwe. Kwa hiyo alikuja wiki nzima kabla, akaongea na kamati, akasema Alhamisi ijayo wanafunzi watakuja kuangalia maji. Habari ikatangazwa kanisani Jumapili.

Nabwile hakulala vizuri wiki ile. Wageni wanakuja kutazama maji yao, na maji yalikuwa na wadudu. Chini ya bomba, kwenye kijito kidogo kinachoelekea kwenye mabwawa ya mafunjo, mawe yalikuwa na utelezi wa kijani. Ukiyageuza unakuta ruba na minyoo myekundu imejikunja. Ilikuwa kama mgeni aje alale kwako, akute kunguni.

"Mgeni akiona hii atasema sisi ni watu gani?" aliwauliza kina mama.

Walikubaliana. Jumatano walikuja kumi na wanne, na jembe, panga, brashi na chuma cha kusugulia sufuria. Walifyeka nyasi. Waligeuza mawe yote hatua hamsini kwenda chini, wakayasugua moja moja, wakayarudisha yakiwa meupe. Ruba waliwatia kwenye kopo na chumvi. Walifagia hata njia. Alhamisi alfajiri, kabla ya wengine kuamka, Nabwile alishuka peke yake na kopo la klorini ya unga. Akaikoroga kwenye ndoo, akaimwaga ndani ya kisanduku cha saruji ambamo maji hutokea, akangoja dakika chache, akamwaga tena.

Klorini hiyo alipewa na ofisi ya afya wakati wa kipindupindu, miaka miwili nyuma. Ugonjwa ulipoisha aliagizwa kurudisha iliyobaki, naye akasema imeisha. Haikuwa imeisha. Aliogopa kwamba ugonjwa ukirudi ofisi itachelewa, basi akaificha chini ya kitanda, nyuma ya viatu vya Wekoye.

Wanafunzi walifika saa nne wakiwa na gambuti, nyavu za vipini virefu na sinia nyeupe. Kina mama walikuwa wamevaa vizuri, wamekaa kwenye nyasi. Msichana mmoja, Khairunisa, alikuja moja kwa moja kuwaamkia.

"Shikamooni, mama."

"Marahaba. Unatoka wapi na Kiswahili hiki kizuri?"

"Kitale, mama. Karibu na msikiti. Baba ni fundi cherehani."

"Kitale! Basi wewe ni mtu wa kwetu," Nabwile akasema, akafurahi kupita kiasi.

Khairunisa na mwenzake Yuvraj, ambaye nyumbani kwao wana duka la vifaa vya ujenzi huko huko Kitale, waliingia kijitoni. Yuvraj alisimamisha wavu, Khairunisa akawa anachakura mawe kwa mguu ili vilivyomo viingie wavuni. Wakamwaga kwenye sinia. Wakainama. Wakarudia mahali pengine. Wakarudia tena.

"Iko nini?" mama mmoja akauliza.

"Hakuna kitu," Yuvraj akasema.

Kina mama wakapiga vigelegele. Yuvraj akageuka kuwatazama, akateleza, akakaa kwenye maji mpaka kiunoni. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Khairunisa naye alicheka, lakini Nabwile aliona kwamba baada ya kicheko aliinua jiwe, akapitisha kidole juu yake, akalitazama muda mrefu.

Wakajaza maji kwenye chupa ndogo za kupeleka maabara, wakashukuru, wakaondoka.

Wiki iliyofuata, siku ya Ijumaa, Khairunisa alirudi peke yake. Alimkuta Nabwile akipembua maharagwe mlangoni. Alipewa kigoda na chai.

"Mama, tuna tatizo. Maabara imesema maji ni safi. Hakuna hata kijidudu kimoja cha choo wala cha matumbo. Ni kama maji ya chupa."

Nabwile alitabasamu, halafu akaacha kupembua. "Safi?"

"Safi. Lakini kwenye kijito hakuna kinachoishi. Maji safi huwa na vyake. Kuna mmoja ana mikia mitatu, huyo hapendi uchafu kabisa. Maji machafu nayo yana vyake, minyoo myekundu, ruba. Sisi tunahesabu tu nani amekaa wapi. Hapa hatukukuta wa safi wala wa uchafu. Haijawahi kutokea. Mwalimu mwenyewe anakuna kichwa."

Nabwile alishika haragwe moja bovu, asilitupe.

"Kwani ninyi mlitaka wadudu?"

"Ndio ushahidi wetu, mama. Ruba mmoja anatuambia mengi kuliko mtu mzima."

Nabwile alisema anaona chai imepoa, aongeze? Khairunisa akasema hapana, asante. Alieleza kwamba mkutano utakuwa Alhamisi pale Mabanga. Wanafunzi watasema walichokiona mbele ya chifu, afisa wa afya na wenyeji. Wanjala ameshasikia habari za maabara, anatembea nazo sokoni. Kesho Khairunisa mwenyewe anakwenda nyumbani Kitale mara moja, atarudi Jumapili. Akaaga.

Jioni hiyo Nabwile alimweleza Wekoye. Wekoye alitafuna ugali wake mpaka mwisho.

"Ukinyamaza," alisema, "shimo inabaki."

"Najua."

"Ukisema, watauliza ile dawa ilitoka wapi. Huyo msichana wa afya ako na ile daftari yake."

"Najua, bana! Nimekuuliza nifanye nini, si unihesabie."

"Mimi sijui," Wekoye akasema. "Ningekuwa najua ningekuwa mimi ndiye mlinzi."

Asubuhi Nabwile alisema anakwenda Kitale kumwona kaka yake. Kaka yake hakumwona. Aliuliza fundi cherehani karibu na msikiti, akaonyeshwa kibanda chenye kanzu zimetundikwa mlangoni. Khairunisa alikuwa ndani, anashona vifungo. Alisimama haraka akidhani kuna msiba.

"Tuliisugua," Nabwile akasema kabla hajakaa. "Mawe yote. Hao wadudu wako tuliwatia chumvi. Na mimi nikaweka dawa kwenye maji, asubuhi ile ile mliyokuja."

Khairunisa alikaa chini polepole. Baba yake akasimamisha cherehani.

"Dawa gani, mama?"

"Klorini."

"Kwa nini?"

"Si mlikuwa wageni?"

Msichana alifunika uso kwa viganja. Nabwile alidhani analia, lakini alipoiondoa mikono macho yalikuwa makavu. "Wiki tano za kazi," alisema. "Na tulitangaza sisi wenyewe. Kanisani kabisa." Akamtazama baba yake. "Tungekuja kimya tungekuwa wezi. Tumekuja na hodi, tumefagiliwa kila kitu."

"Mgeni hasemi hodi ili nyumba ibaki chafu," baba yake akajibu, akaendelea kushona.

Khairunisa akasema hawezi kuficha. Atasimama Alhamisi aseme vipimo haviwezi kutumika. Lakini jina la mtu hatalitaja, atasema tu sampuli iliharibika.

"Wanjala atasema ni ninyi mliharibu."

"Atasema."

"Na shimo?"

Khairunisa aliinuka. Alimletea kahawa ya tangawizi, wakanywa, wakaongea habari za bei ya mahindi.

Alhamisi ukumbi wa Mabanga ulijaa. Wanjala alikaa mbele, kofia kwenye goti. Vikundi vingine vya wanafunzi vilipomaliza kusema, Khairunisa alisimama. Alisema karatasi ya maabara inaonyesha maji safi, na kwamba kikundi chake kinaomba karatasi hiyo isitumike.

Wanjala aliinuka hata kabla hajaruhusiwa. "Mimi nilisema leteni mtu wa kusoma. Mtu wa kusoma amekuja. Amepima. Sasa ati karatasi isitumike? Mnataka aje malaika?"

Watu wakacheka.

"Karatasi ni ya kweli," Khairunisa akasema. "Lakini si ya maji ya kila siku."

"Ni ya siku gani basi? Ya Krismasi?"

Wakacheka zaidi. Msichana alisimama akiwa ameshika karatasi zake kwa mikono miwili. Alikuwa analijua jibu. Kila mtu aliyemtazama vizuri angeona kwamba analijua na amelimeza.

Nabwile akasimama nyuma ya ukumbi.

"Ni ya siku ya wageni," alisema.

Hakuwa na mazoea ya kuongea mkutanoni. Alieleza kama anavyoeleza mtu njia ya kwenda dukani. Kwamba walifyeka, wakasugua mawe, wakatoa ruba. Kina mama kumi na watatu waliinamisha vichwa. Kisha akasema hayo ya mawe ni ya wote, lakini klorini ni yeye peke yake, wengine hawakujua.

Afisa wa afya alikuwa anaandika. Akaacha.

"Klorini ulitoa wapi, mama?"

"Kwenu."

"Ile ya kipindupindu? Si ulisema imeisha?"

"Nilidanganya."

Wanjala akawageukia watu. "Si mmesikia? Wanaweka sumu wenyewe, halafu ati ni Wanjala!"

"Shemeji, kaa," Nabwile akamwambia. "Dawa niliweka siku moja. Wewe unaweka yako kila mvua."

Kimaiyo akasimama, akasema kosa la kwanza ni lake. Alifundisha wanafunzi kuomba ruhusa, hakufundisha kueleza wanatafuta nini na kwa nini kisiguswe. Akaomba wiki tano, ili viumbe virudi vyenyewe, halafu wapime tena siku ambayo haitatangazwa. Aliwauliza kina mama kama wanakubali kutoambiwa siku. Wakakubali. Afisa wa afya akaandika hilo pia. Akaandika kwamba kopo lirudishwe ofisini kesho yake, na kwamba mtu aliyedanganya juu ya dawa ya serikali hawezi kuachiwa maji ya watu.

Hivyo ndivyo Nabwile alivyoacha kuwa mlinzi. Kamati iliteua jirani yake. Nabwile alipeleka kopo ofisini, akapewa karatasi ya kutia sahihi, akatia. Siku iliyofuata alishuka na ndoo yake, akasimama kwenye foleni, wa sita.

"Mama Klorini," mwanamke mmoja akasema mbele yake, "leo umetuwekea nini?"

"Leo zamu yako," Nabwile akajibu. Wakacheka, naye akacheka kidogo. Lakini kwa siku nyingi jina hilo lilimfuata mpaka sokoni, na kuna nyakati alizokuwa akiketi jikoni asitake kutoka.

Mafunzo yaliisha, wanafunzi wakatawanyika. Mvua ikaja, harufu ikarudi. Mjukuu aliharisha siku mbili, akapona. Kijito kilianza kuota utelezi wake wa kijani, na hakuna aliyekigusa, ingawa mikono iliwawasha.

Ilikuwa wiki ya sita, siku ya Jumanne. Nabwile aliteremka na ndoo akamkuta Khairunisa ndani ya maji, Yuvraj ameshika wavu. Walitoka Kitale asubuhi ile, nyavu zao zimefungwa ndani ya gunia la mahindi. Nabwile alisimama mbali, kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa.

"Mama, njoo uone," Khairunisa akaita.

Sinia ilikuwa inatambaa. Minyoo myekundu, mingi. Ruba, wanene. Nabwile alihesabu nao, Yuvraj akiandika. Ruba kumi na saba. Wa mikia mitatu walimtafuta mpaka shingo zikauma. Hayupo.

"Sijawahi kufurahi kuona ruba," Nabwile akasema.

"Usifurahi sana," Yuvraj akasema, "mmoja amepanda gambuti yangu."

Karatasi ya maabara ilikuja baada ya siku nne, na safari hii ilisema mambo yale yale yaliyosemwa na sinia. Afisa wa afya alimpa Wanjala siku thelathini. Siku ishirini zilipita bila jembe. Siku ya ishirini na tisa vijana wanne walianza kuchimba upande wa pili wa barabara, mbali na mteremko wa maji, na Wanjala akatengeneza shimo la saruji lenye kifuniko. Hakuchimba kwa mkono wake.

Nabwile alipita pale akitoka kuchuma mboga. Wanjala alikuwa amesimama na kofia yake, anasimamia.

"Shemeji. Sasa umefurahi?"

"Bado."

"Bado nini tena? Si shimo ndiyo hiyo?"

"Ile ya zamani haijafukiwa."

"Itafukiwa."

"Lini?"

Wanjala alitazama barabara, akatazama vijana wake, akatazama mboga za Nabwile. Nabwile aliweka kikapu chini, akakaa juu ya jiwe kando ya lile shimo la zamani, na hakuonyesha kama ana haraka ya kwenda popote. Nzi walikuwa wengi. Mwishowe Wanjala alipiga mluzi, kijana mmoja akaja na mkokoteni wa udongo, akaumwaga. Akaleta wa pili. Nabwile alikaa mpaka wa kumi na moja, alipoona damu haionekani tena, ndipo akainua mboga zake akaenda kupika.